Jino Langu na Kipigo cha Zaituni

Nikisikia harufu ya limau linalokatwa, meno yangu hufa ganzi kabla sijalionja, na kipigo cha Zaituni kinanirudia chote.

Tulikuwa kidato cha pili, Ujiji, mimi na Zaituni wa nyumba ya pili, na kutwa tulinyonya malimao kwa chumvi na pilipili ya unga. Tukitoka shule tunashushia na soda ya enaji ya baridi, ile ya chupa ya plastiki. Mimi nilikuwa na mtindo wa kuisukutua mdomoni mpaka povu liishe ndipo nimeze. Nyumbani nilipiga mswaki kama nasugua sufuria, Mama asinuse. Kufikia mwaka huo chai ya moto ilinichoma hadi kwenye fizi, na ncha za meno ya mbele zilikuwa nyembamba hata mwanga ulipita. Ninyi ndio nawaambia leo. Wakati ule sikumwambia mtu.

Siku hiyo ufukweni, kando ya dagaa walioanikwa, tuligombea chupa moja. Nilimzaba kofi. Akanisukuma kwa kiwiko, si kwa nguvu, kikanipata mdomoni. Jino likakatika nusu, nikalitema mchangani pamoja na damu.

Mama hakuuliza mara mbili. Alinikokota hadi kwa kina Zaituni. Baba Zaituni, muuza mawese, alikuwa akipima mafuta. Aliniangalia mdomo, akavua mkanda.

"Umemvunja mtoto wa watu jino?"

"Baba, nimemgusa tu! Wallahi nimemgusa tu!"

Alimpiga mgongoni, miguuni, popote. Zaituni alipoinama kujikinga, chuma cha mkanda kikampasua juu ya jicho. Dumu likapinduka, damu yake ikadondokea kwenye mawese. Mama mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, "Baba Zaituni, inatosha!" Mimi nilisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

Siku mbili baadaye, Kigoma mjini, daktari wa meno alinimulika kwa muda mrefu. "Hili lingekatika hata kwa muhogo wa kuchoma," alimwambia Mama. "Yote ya mbele yameliwa na uchachu. Binti, unakunywa nini?"

Nikamtajia yote. Tulipofika nyumbani Mama akasema, "Hayo yaishie huko huko." Yakaishia huko.

Zaituni hakunisemesha tena. Tulipokuwa watu wazima wenye watoto, nilimfuata sokoni nikamweleza ya daktari. Alinisikiliza huku akichagua migebuka kwa muuza samaki, nyusi yake bado imegawanyika kwa lile kovu.

"Daktari alikuuliza, ukasema," alinijibu. "Baba alikuwa ananiua mbele yako, hukusema."

Miaka yote nilijiambia kwamba niliogopa mkanda. Lakini baba yule hakuwa wangu, na pale hakuna ambaye angenigusa. Nilinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa akinionea huruma, na nilitaka waendelee.