Vyombo vya Mama na Kile Chuma cha Vita

Nakumbuka siku niliyokatazwa kupiga kelele, na huku mdogo wangu yuko hatarini mbele ya macho yangu. Mwanangu Prosper, nakuandikia ukiwa bado huko milimani na simu yako haipatikani. Ukishuka barabarani ujumbe huu utaingia. Usome wote kabla hujafungua mlango wa chumba chako cha Kingolwira.

Nimezitazama picha ulizonitumia za vitu vya kale ulivyokusanya. Sahani za maua ni nzuri. Ile kofia ya askari haina neno, na maganda ya risasi nayo hayana neno, maana midomo yake iko wazi na ndani hamna kitu. Lakini nyuma ya kreti la sahani kuna kitu kimefungwa gunia, kimechongoka juu, nawe hukukitaja. Nimempigia mwenye nyumba wako, amewahamisha watoto waliokuwa wakicheza karibu na dirisha lako. Amenicheka kidogo. Acha acheke.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tano, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Mama yako, Leokadia, ndiye wa mwisho. Marehemu mama alikuwa akiwafulia masista wa misheni pale Matombo, nao walimpa vyombo walivyovichoka: sahani nyeupe zenye ukingo wa bluu, vikombe, na bakuli moja la maua mekundu. Matanga yalipokwisha, ndugu wakagawana kila kitu, kila mmoja akisema anachukua ukumbusho. Sisi tukabaki na sufuria.

Niliacha shule nikawa kibarua. Popote nilipoiona sahani ya mama kwenye uchaga wa mtu, niliomba nimlimie anirudishie. Zilirudi moja moja, na kila iliporudi niliwaambia wadogo zangu, "Mama huyu karudi." Niliona ni maneno ya kuwafariji.

Mashamba yetu yalipitiwa na vita vya Mjerumani. Jembe lilifukua vifungo vya makoti, vijiko vya askari, maganda ya shaba, navyo nikavitunza. Ndipo kikatoka chuma kizito, kikubwa kama kiazi kikuu, kimechongoka upande mmoja. Nikakiviringishia kitambaa, nikakikaza ndani ya sanduku la vyombo ili sahani zisigongane. Kila Jumamosi Leokadia alikisugua kwa majivu pamoja na sufuria. Kikimeremeta, nilimsifu.

Tulikuwa na jirani mzee aliyepigana Bama, huko Asia, katika vita vya pili vya dunia, tukimwita Babu Keya, kwa kuwa askari wa zamani hizo waliitwa hivyo. Alikuja asubuhi moja, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nasikia umefungua duka la Mjerumani humu ndani."

"Siuzi kitu, babu."

"Hata chai? Basi nipe ya bure."

Nikamtilia kwenye kikombe cha mama, nikavipanga vitu vyangu mkekani. Alishika kifungo, akacheka. "Aliyekipoteza hiki, sajenti alimchapa mpaka akalia." Watoto wakacheka naye. Kisha nikakitoa kile chuma sandukuni, nikakilaza kando ya bakuli la maua mekundu.

Babu alikiweka kikombe chini taratibu mno.

"Nani amekuwa akikisugua hiki?"

"Mimi," Leokadia akajibu kwa majivuno.

"Vizuri, mjukuu wangu. Sasa inukeni wote, twende nje. Tembeeni kama mnakwenda kisimani. Asikimbie mtu."

Tulipofika migombani nikawahesabu wadogo zangu. Leokadia hayupo. Nikafungua kinywa kumwita, Babu akanishika khanga kwa nguvu. "Ukipiga kelele atashtuka. Akishtuka, ataangusha alichoshika. Nyamaza."

Nikanyamaza. Mwanangu, sijui nikueleze vipi ukimya ule. Nilisikia sahani ikisogezwa. Nilisikia kitu kikiviringika kidogo, kikasimama. Halafu akatokea mlangoni, amelikumbatia bakuli kwa mikono miwili, anapapasa kizingiti kwa unyayo kwa kuwa bakuli lilimzuia kuona chini. Akavuka. Akaja hatua kwa hatua kama alivyoambiwa.

"Dada, ulimsahau mama," akaniambia.

Babu Keya hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu mtoto haelewi kwamba yeye ni zaidi ya bakuli. Mwambie sasa hivi, nami nasikia." Nikapiga magoti, nikamwambia.

Wanajeshi walipoitwa walisema chuma kile ni kombora la vita ambalo halikulipuka, tena hakibebeki, wakakilipua palepale kilipo. Mlima mzima uliitika. Nyumba ilibaki ukuta mmoja, na sahani zote nilizozilimia zikawa vigae. Lilisalia bakuli.

Sikukatazi kukusanya vya kale, mwanangu. Mimi mwenyewe nilivipenda. Lakini chuma cha vita usichokijua usikiinue, usikisugue, usikigonge, usikipakie pikipiki. Kiache kilipo, wazuie watu, toa taarifa polisi. Na kama umekwisha kukibeba, usione aibu ukarudi kukigusa ili kuficha kosa. Kaa mbali na mlango huo, waite wanaojua. Sahani, kofia, maganda, vyote viache humo humo.

Kama ndani ya gunia ni chupa tu, nitafurahi kuchekwa mpaka Krismasi. Lile bakuli la maua mekundu ulilokuwa ukiniomba liko mezani kwangu. Njoo ule chakula chako ndani yake, uje mikono mitupu. Mungu akufunike, akupitishe mbali na mlango huo, na mama yako asisimame hata siku moja pale niliposimama mimi, kinywa wazi, bila sauti.