Mama Watawa na Herufi Zilizokwanguliwa

Wanafunzi walimwita Mama Watawa, na yeye hakuona ubaya. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha historia ya kanisa la Zama za Kati kwenye chumba kilekile cha ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofunga sawasawa, na aliyethubutu kusinzia darasani mwake aliamshwa na swali.

Kazi aliianza kama mpiga chapa wa idara ya historia chuoni. Profesa wake, mzee mrefu mwenye mwandiko kama kuku kaparura, alimletea makala zilizojaa Kilatini. Kwa kuwa hakupenda kupiga chapa asichokielewa, aliazima kitabu cha sarufi akawa anakisoma saa za chakula. Mumewe, fundi seremala, alimtania. "Siku hizi mke wangu anaongea na maaskofu waliokufa."

"Hao angalau hawanikatizi," akajibu.

Basi akajiandikisha kusoma, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi utafiti wa udaktari. Alichagua barua moja ya kale kuhusu namna ya kuendesha nyumba ya watawa wakati wa njaa. Wote waliamini iliandikwa na mkuu wa watawa wa kiume, na profesa alikuwa amejenga kitabu kizima juu ya imani hiyo. Mama Watawa akafunga safari hadi kwenye hifadhi ya nyaraka, akaomba aione barua yenyewe. Alipoiinua kwenye mwanga, akaona ngozi ya mnyama iliyoandikiwa imekwanguliwa mahali saba na kuandikwa upya. Kilatini hubadilisha mwisho wa neno kumtofautisha mwanamke na mwanamume, na sehemu zote saba zilikuwa pale mwandishi anapojitaja. Mtu alikuwa amemgeuza mtawa wa kike kuwa mwanamume.

Kwenye kikao cha idara alipiga moyo konde akayasema yote mbele ya profesa.

"Binti yangu, huenda mnakili alikosea tu," profesa akasema.

"Akosee mara saba, Profesa, na kila mara pale mwandishi anapojitaja?"

Profesa alizisogeza kwenye miwani picha za barua alizoletewa, akazitazama moja moja, kisha akatoka. Alimnunia mwezi mzima. Siku moja akaja mezani kwake na karatasi, akaiweka kwa mazoea ili ipigwe chapa, akisahau kwamba Mama Watawa aliiacha kazi hiyo zamani. Ilikuwa tangazo la kukiri kosa lake, litakalotoka kwenye jarida. Mama Watawa aliipiga chapa kwa raha zake.

Miaka iliyofuata alipata barua nyingine tano zilizokwanguliwa vilevile, akaziandikia kitabu, naye akawa profesa. Siku ya kustaafu, mkuu wa kitivo alimuuliza kama hajuti kutolijua mpaka leo jina la yule mtawa wa kwanza.

"Nijutie nini?" akasema. "Kule kwenye hifadhi ya nyaraka kuna maboksi mawili sijayafungua. Jumanne naenda."