Valvu Zilizooshwa kwa Majivu

Mke wangu alipoziosha valvu zangu zote kwa majivu, tulikuwa tumeoana mwaka mmoja na miezi kidogo. Hakuwa na nia mbaya. Mwenye mdomo mbaya nilikuwa mimi.

Nilikuwa fundi wa redio Makindu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Chumba cha pili ndicho kilichokuwa nyumba yetu. Redio za transista zilikuwa zimeshaingia, nyepesi, za betri, lakini redio kubwa za mbao na amplifaya za makanisa bado zilitumia valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama kaa la moto. Madukani zilikuwa haziji tena. Nilizokuwa nazo nilizing'oa kwenye redio zilizokufa, nikaziweka kwenye kasha la majani ya chai. Zilikuwa thelathini na moja.

Valvu haina sura. Mbili zitafanana kama mayai, moja ikuletee sauti safi, na nyingine ukiichomeka pale pale ikuunguzie transfoma. Kinachozitofautisha ni namba iliyopigwa juu ya kioo kwa wino mweupe, na wino huo ni dhaifu ajabu. Singasinga aliyenifundisha kazi alinikataza hata kuigusa namba kwa kidole. Miguu unaisugua kwa brashi na spiriti kidogo, kioo unakipitishia kitambaa kikavu, na ukifika kwenye namba unaizunguka. Hayo yote niliyajua. Mke wangu sikuwahi kumwambia, maana nilidhani mambo ya kazi hayamhusu mtu wa nyumbani.

Siku moja niliitwa Mtito Andei kutengeneza redio ya hoteli ya madereva wa malori. Kabla ya kuondoka nilinung'unika kwamba vumbi la barabara limejaa ndani ya kasha. Niliporudi baada ya siku mbili nilikuta ungo mlangoni, juani, na valvu zangu zimepangwa juu yake, zinameremeta. Alikuwa amezisugua kama tunavyosugua chimni za taa: majivu laini, maji, halafu gazeti.

"Umeona vile zimetakata?" akaniambia. Alikuwa anacheka.

Niliinua moja, nikaigeuza. Nikainua ya pili, na ya tatu. Hapakuwa na namba hata moja.

Nikamwita mjinga. Ningeishia hapo labda angenivumilia, kwa sababu alikuwa mtu wa subira. Lakini nikaongeza kwamba hata wale mbuzi wa mahari niliowapeleka kwao Mbooni walikuwa na akili kumshinda, na nikalisema kwa sauti, mwenye duka la nguo akisikia. Mdomo uliponza kichwa. Asubuhi mke wangu alifunga nguo zake kwenye leso, akaniaga vizuri kama anayekwenda sokoni, akaenda kwao.

Kwa siku tano nilijiambia kwamba ninachosikitikia ni valvu. Amplifaya ya kanisa ilikuwa mezani ikingoja, nami niliwadanganya wazee wa kanisa kwamba kuna kipuri natafuta. Jioni ya siku ya sita niliona taa haitoi mwanga, chimni imekuwa nyeusi tii. Sikuwahi kusafisha chimni tangu nioe. Nikaiosha, kisha nikafanya kama nilivyomwona yeye akifanya, nikaipumulia, haa, ili niipanguse kwa gazeti. Ukungu ukatanda kwenye kioo chote, isipokuwa sehemu moja iliyobaki na maandishi. Ilikuwa alama ya kiwanda, na alama hiyo ilikuwa imefutika kitambo.

Niliweka chimni chini, nikachukua valvu, nikaipumulia. Namba ikatokea. Ilikaa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, ikapotea. Nikapumulia tena, nikaiandika. Valvu ishirini na mbili zilinipa namba zao kwa njia hiyo. Zilizobaki nilizitambua chache kwa kuhesabu miguu na kuchungulia vyuma vya ndani, na mbili nilizitupa, kwa sababu utosi wake uliotakiwa kung'aa kama fedha ulikuwa umegeuka mweupe, yaani zilishaingia hewa na kufa hata kabla ya kuonja majivu.

Nilifurahi mno, nikageuka nimwambie mtu. Nyumba ilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipokiri kwamba nilikuwa namhitaji, na kwamba nilikuwa naona aibu.

Nikitaka kujisifu ningesema nilikwenda mbio. Nilikaa siku mbili zaidi nikitafuta maneno, ndipo nikafunga valvu moja kwenye leso ya mkono na kupanda vilima vya Mbooni. Nilimkuta baba mkwe uani akipura maharagwe. Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe wetu sisi Wakamba, alibaki jikoni nisimwone, lakini nilijua anasikia kila neno.

"Muthoniwa, karibu," baba mkwe akasema, akiniita mkwe kwa Kikamba. "Wale mbuzi wako bado wako. Umekuja kuongea na wao ama na sisi?"

Niliomba msamaha, nikaomba tena. Akamwita binti yake. Alikuja akijipangusa mikono, akakaa mbali nami. Nikamnyooshea ile valvu.

"Ipumulie," nikamwambia. "Kama chimni."

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha akaipumulia. Akaisoma namba polepole, tarakimu moja moja, mpaka ikapotea.

"Kwani ilikuwa hapa tu?" akaniuliza. "Hata ile saa ulikuwa unaniita mjinga?"

"Ilikuwa hapo," nikasema.

Akaipumulia tena, akaisoma upya, safari hii kwa sauti ya kumfikia mama yake jikoni. Kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.