Geji ya Twalibu na Benzi la Marehemu

Twalibu ana miaka mingi ya ufundi mjini Tabora, na bado geji ya kupimia nguvu ya msukumo wa mafuta humfunga mdomo. Mtu anayeweza kubishana na bodaboda, muuza chapati na shemeji yake kwa mkupuo mmoja, mshale ukianza kupanda hunyamaza kama yuko kwenye swala. Anayapenda magari ya zamani yasiyo na kabureta, yale yanayopuliziwa petroli kwa nozeli. Bomba jembamba kuliko kidole linabeba nguvu ya kulifikisha gari zima Igunga! Jambo hilo hajalizoea hadi leo, wala hataki kulizoea.

Asubuhi moja Bi Dafrosa, mjane wa Puge, alifika na Benzi la marehemu mumewe, Wilbroad, likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Alikuwa na mwanawe, Erasmus, ambaye uvumilivu ulishamwishia. Kila siku gari lilizima alfajiri na kupata uhai jua likichoma. Mafundi walishasema pampu imekufa na nyingine haipatikani. Watu wa chuma chakavu walishaitwa waje kulikata jioni ile. Mama aliomba fundi mmoja tu wa mwisho.

Twalibu alimwamkia shikamoo, akawafukuza wenye sigara, akafunga geji kwenye bomba la mafuta. Pampu ikanguruma. Mshale ukapanda, ukatulia palepale panapotakiwa. Erasmus akauliza sasa tatizo liko wapi. Twalibu alijua nguvu kuwepo si sawa na mafuta kutosha. Akachomoa mpira unaorudisha mafuta tangini, akautumbukiza kwenye chupa, akaiendesha pampu tena huku akitazama saa. Chupa iliyopaswa kukaribia kujaa ilipata mafuta ya kulowesha kitako tu.

Pampu ilikuwa nzima. Njia ndiyo iliyoziba.

Akaitoa filta, akaimwaga, akaikata kwa msumeno. Mikunjo yote ya karatasi ilikuwa na utando laini wa manjano. Akaufinya, akaunusa, akaunusa tena. Ilikuwa nta ya nyuki.

Alipomuuliza mama mafuta anayabeba na nini, Bi Dafrosa aliinamisha kichwa. Kule Puge alinunua petroli kwa madumu ya marehemu ya kurinia asali, na aliyasuuza kwa maji tu. Hapo Twalibu akaelewa. Jua liliiyeyusha nta ndani ya petroli, baridi ya alfajiri ikaigandisha, na kitu laini hivyo kikalishinda gari la chuma.

Wakasafisha tangi na mabomba. Filta ya kufanana Twalibu aliitoa kwenye Benzi bovu lililolala uani. Safari hii petroli iliingia chupani kwa kasi hadi Erasmus akarudi nyuma hatua. Injini ikawaka, ikatulia. Twalibu akasema subhanallah kwa sauti ndogo, na Erasmus akawapigia wenye chuma chakavu wasije.

Twalibu alipoiokota filta ya zamani na nta yake aitupe, Bi Dafrosa alimshika mkono.

"Usitupe, fundi. Nta hiyo ni ya mizinga yake ya mwisho. Alirina wiki ile ile aliyofariki."

Twalibu akaikwangua nta mkunjo kwa mkunjo, bila haraka, akamwekea kiganjani. Yote kwa pamoja haikuzidi punje ya harage.