Milimita Saba Juu ya Mto

Vita kati ya Dola Kuu na Muungano vilimfikia mpima mmoja wa ujenzi Jumanne, saa nne asubuhi, kupitia skrini iliyoandika "hakuna mawimbi". Hakuna bomu lililoanguka karibu naye. Lakini kila upande ulikuwa umeamua kumpofusha mwenzake angani, na setelaiti zilizoelekeza makombora ndizo hizo hizo zilizoelekeza mashine za kupimia kwenye daraja alilokuwa akifanyia kazi.

Wafanyakazi wanamwita Bi Timazi, kwa sababu ya timazi ya shaba, kizito cha kupimia wima, anayotembea nayo mfukoni, uzi ukiwa umezungushwa kwenye penseli. Ana miaka hamsini na minane. Mashine mpya zilipofika, alihamishiwa stoo kutunza vifaa vya zamani, na akavitunza kwelikweli. Kila Ijumaa alifuta lenzi ya theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kwa kitambaa alichokikata kwenye fulana ya mumewe. Kwa miaka sita hakuna aliyeiulizia. Jumanne ile, saa tano, mhandisi mkuu alisimama mlangoni pa stoo akiwa na kofia mkononi.

Daraja lilikuwa limebaki pengo moja. Mikono miwili ya chuma ilinyooka, mmoja kutoka kila ukingo, na katikati palikuwa na uwazi wa mita kumi na nane na ushee. Boriti ya kuuziba ilikuwa uani, ikisubiri kutobolewa matundu ya boliti sitini na nne. Ilikuja kwa meli, na meli zilikuwa zimekoma. Tundu likikosewa kwa zaidi ya milimita mbili, boliti haipiti, na tundu la chuma halishonwi.

"Mashine ilishasoma pengo kabla haijazimika, mama," alisema mhandisi. "Tunataka uhakikishe tu."

"Ilisoma saa ngapi?"

"Jana, saa nane mchana."

"Mwanangu, saa nane chuma chote hicho kimekula jua kikashiba. Mikono imerefuka, pengo limepungua. Mashine inajua iko wapi. Haijui chuma kina joto gani."

Alipima asubuhi tatu mfululizo, saa kumi na mbili kamili, kabla jua halijagusa chuma. Namba zake zilipishana kwa milimita moja, na zote zilizidi ya mashine kwa milimita kumi na saba. Mhandisi alikagua namba zote daftarini, kisha akawaambia mafundi watoboe kwa namba za mama. Bi Timazi aliweka sharti moja tu: boriti iingizwe saa ile ile aliyopimia.

Nyumbani mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa ametandaza ramani ya dunia mezani na kuijaza mishale. "Muungano umesonga kilomita mia mbili," alimpasha habari.

"Mimi nahangaika na mita kumi na nane. Toa ramani yako, niweke sahani."

Ijumaa ikaja habari kwamba lori la dizeli ya kreni halitafika. Dizeli yote ilikuwa imezuiwa kwa ajili ya hospitali. Iliyobaki mtoni ilikuwa kwenye pantoni ya kuvushia watu, na nahodha wa pantoni ni shemeji wa Bi Timazi, mume wa mdogo wake, anayeishi ng'ambo ya mto. Alikuja mwenyewe akiburuta mpira wa kunyonyea mafuta.

"Nakupa yote, shemeji," alisema mbele ya kundi zima. "Boriti yako ikikataa, watu wa ng'ambo hawana pantoni wala daraja. Mdogo wako akiwemo."

"Nimesikia."

"Sitaki usikie. Nataka useme inaingia."

"Inaingia kabla ya saa moja."

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kreni iliinua boriti. Ilipanda polepole, ikapita juu ya maji, ikafika karibu na pengo, na hapo injini ikakohoa ikazima. Chujio lilikuwa limejaa tope. Boriti ilibaki ikining'inia huku fundi akifungua chujio, na jua, ambalo siku hiyo halikuwa na hata wingu moja la kulichelewesha, likapanda.

"Dizeli yako ina matope, shemeji."

"Imekaa mtoni miaka yote. Ulitaka iwe na nini?"

Injini iliwaka saa mbili kasorobo. Upande wa kwanza wa boriti ulishika boliti zake. Upande wa pili, matundu yalitazamana nusu nusu. Bi Timazi aliweka rula ya chuma. Milimita saba.

"Tuishushe," alisema mhandisi.

"Ukiishusha, utaipandisha kwa mafuta gani?" Alichungulia chini, pantoni ilipofungwa. "Shemeji, pampu yako ya kuzimia moto inafanya kazi?"

"Inafanya. Na nina lita kumi na tano."

"Ulisema umetoa yote."

"Nilisema hivyo mbele za watu."

Pampu ikanguruma. Maji ya mto yakaruka juu, yakapiga mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha boriti yenyewe. Watu walipanga mstari wa ndoo bila kuambiwa. Wapishi wa kambini walikuja na masufuria. Wengine walitandika maturubai kuzuia jua. Bi Timazi alilala kifudifudi kwenye chuma chenye maji, jicho kwenye tundu, akitangaza kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

"Sita. Tano na nusu. Endeleeni. Nne."

Pampu ikakwama, ikashika tena.

"Tatu. Nani kaacha kumwaga upande huu? Mbili na nusu. Mbili. Nyundo."

Boliti ya kwanza iliingia kwa mapigo mawili. Ya pili iliingia kwa mkono. Mwendesha kreni alikuwa ameshikilia mishikio ya kreni kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi abanduliwe vidole. Chini mtoni pampu ilizima yenyewe, tangi likiwa tupu, boliti ya kumi na tisa ikigongwa.

Nahodha alipanda ngazi akiwa ameloa chapachapa. "Na mimi nyumbani nitafikaje sasa?"

Bi Timazi alikuwa akiandika daftarini: saa tatu na dakika nane, joto la chuma, idadi ya boliti. Hakuinua kichwa. Alielekeza kwa penseli, timazi ikibembea chini yake.

Mafundi walikuwa wametandika mbao mbili juu ya boriti. Nahodha alipita taratibu, akafika katikati, akasimama, akakanyaga mara mbili kama mtu anayejaribu kitanda dukani.

"Inacheza?" aliuliza Bi Timazi.

"Haichezi."

"Basi mwambie mdogo wangu aje kesho. Aje kwa miguu."