Madonge ya Masizi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutia mawese mapema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika karakana ya mgodi wa bati ndani ya misitu ya Walikale. Mtu aliyechanganya mpira kabla yangu aliugua akarudi kwao, nami nikaachiwa mashine yake: magogo mawili ya chuma yanayozunguka na kusaga mpira mbichi pamoja na masizi. Bila masizi mpira huo hauna nguvu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama, na niliona aibu kuuliza.

Masizi huja yameshikana madonge, na mpira mgumu huyakataa, yakamwagika chini. Sikuvumilia uchafu ule. Nikamimina mawese, mafuta ya kulainisha, tangu mwanzo badala ya mwisho. Mpira ukalainika, ukayameza yote. Ulitoka mweusi, unang'aa, nikajisifu moyoni. Nikakata duara la kuziba pampu isivuje, nikaliivisha kwa moto, na asubuhi likafungwa kwenye pampu inayotoa maji shimoni. Humo shimoni alikuwa kaka yangu. Tulikuwa tumetoka pamoja milima ya Masisi, kwa miguu kupitia Kashebere, na mama alinikabidhi yeye ingawa ndiye mkubwa.

Mchana nilipasua kipande kilichobaki, nipate tu kuona uzuri wa kazi yangu. Ndani mlijaa vidonge vya masizi, vizima kabisa. Nikakivuta kile kipande, kikakatika penye donge. Nikavuta kingine, vilevile. Ndipo nilipoelewa. Mpira laini haulivunji donge. Hulizunguka na kulibeba, kama matope yanavyobeba kokoto. Mpira mgumu, ukibanwa, ndio unaolishika pande zote mbili na kulivuta mpaka ligawanyike.

Nilisimama nikisikiliza pampu, na kila ilipovuta niliona akilini maji yakipanda, ukuta wa udongo ukilowa na kuwaangukia walio shimoni. Na bado, naungama, niliwaza kwanza kiboko cha kapita, msimamizi wetu. Nikajiambia labda mpira utashika mpaka saa ya kutoka. Kisha pampu ikakohoa, pengine ni hewa tu, na miguu yangu ikaondoka kwenda kwake.

Kapita alikuwa mtu wa Itebero, mwindaji zamani, asiyependa maneno mengi.

"Papa, mpira ya pampu iko mubaya. Batu batoke mu shimo."

"Nani aliitengeneza?"

"Njo mimi," nikakiri.

Alinitazama muda ambao mpaka leo sijaumaliza, kisha akapiga filimbi. Watu walipanda wakinung'unika, nami nikawaeleza habari ya mawese. Pampu ikafunguliwa, na mpira ulikuwa mzima. Wakaanza kucheka. Kaka yangu, matope hadi kifuani, akasema kwa sauti, "Mudogo, kesho utie tena mawese, tupumzike."

Kapita hakucheka. Aliukunja ule mpira taratibu kwa vidole vyake mbele yao, na ukapasuka kutoka donge moja hadi jingine. Kaka yangu hakunitazama tena siku ile.

Kiboko sikukipata. Niliambiwa tu nirudie kazi, nami nikausaga mpira ukiwa baridi, magogo yamekaribiana, na mawese nikayatia mwisho.

Hofu ninayo bado. Ila sasa naisema kabla watu hawajashuka shimoni.