Ba'mdogo Anataka Leseni Yangu Ifunike Kazi Yake

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka thelathini na moja, naishi Pasiansi, na kazi yangu ni kufunga mitambo ya kusafisha maji. Ndiyo, mimi mwanamke. Tuendelee.

Ufundi nimefundishwa na ba'mdogo, mdogo wake marehemu baba. Nimembebea mabomba miaka saba, hilo sikani. Ulipokuja utaratibu kwamba kila fundi awe na leseni, na kuipata lazima ufanye mtihani wa vitendo, ba'mdogo alicheka. "Nikapimwe na watoto wa juzi? Thubutu!" Mimi nikaenda, nikafunga mtambo mbele ya wakaguzi, nikafaulu. Basi, leseni yangu ikageuka mali ya ukoo. Yeye anataka afunge, mimi nisaini.

Na hapa ndipo ninapoungama. Nilisaini kazi moja bila kuiona, ya shule ya bweni huko Misungwi, wanatumia maji ya lambo. Aliniambia, "Mwanangu, saini tu, mbona huniamini?" Nikaona aibu kumkatalia mzee wangu.

Wiki ya pili nafsi ikanisuta, nikaenda. Matroni akanifungulia bomba huku ananisifia, maji yanaruka hatari. Mie badala ya kufurahi nikashtuka, maana maji yaliyopita kwenye chujio lile hayawezi kuwa na kasi ile. Kuchungulia nyuma ya mtambo, koki ya njia ya pembeni, ile inayopitisha maji bila kuchujwa, iko wazi! Ile tunaifungua wakati wa kuosha chujio tu. Ba'mdogo aliiacha makusudi ili mteja aone maji yana nguvu, afurahi. Watoto wanakunywa maji ya lambo moja kwa moja, na jina langu liko chini ya karatasi inayosema ni salama. Nililia pale pale, kwa hasira.

Nikafunga koki, nikamweleza mwalimu mkuu ukweli wote, nikamwomba wachemshe maji mpaka nikague upya. Kisha nikaiandikia ofisi ya leseni barua ya kuikana saini ile. Weee! Ukoo ukawaka. Mama akanipigia, "Umemvua nguo baba yako mdogo. Nenda ukampigie magoti, na barua yako ukaifute." Ba'mdogo mwenyewe nikimwamkia shikamoo haitikii.

Sasa nimeitwa ofisini Jumatatu, wanataka kujua nani alifunga. Nikimtaja, leseni ndiyo ataisikia kwa wenzake mpaka anazeeka. Nikisema ni mimi, yangu inafutwa, na mama anadai hivyo ndivyo afanyavyo mtoto mwenye adabu. Adabu gani ya kunywesha watoto wa watu uchafu?

Kosa la kusaini ni langu, nitalibeba hata wakinipokonya leseni. La kwake silibebi. Na suala la magoti msinishauri, nimeshakataa. Ila huyu mzee ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa na baba, na nampenda, ndiyo maana naumia hivi. Nishaurini jambo moja tu ndugu zangu: nimfuate kwake nimwambie usoni kabla ya Jumatatu, au akalisikie huko huko ofisini? Maana kumtaja, nitamtaja.